Ndege Isiyohitaji Kiwanja: Kwa Nini Ilikosa Wanunuzi?

Lori litokalo Mbeya kwenda Chunya huanza safari yake kwa kupanda. Barabara huizunguka milima iliyo kaskazini ya mji, hupita mahali palipo juu zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kisha huteremka kuelekea nyika ya Chunya. Katika kilima hicho lori la dizeli ambalo huko pwani lilikuwa na nguvu tele huanza kulemewa. Dereva hurudisha gia, moshi mweusi hutoka, na mwendo hupungua hata mtu aendaye kwa miguu akaweza kulikaribia. Mzigo haukuongezeka, wala mafuta hayakubadilika. Kilichobadilika ni hewa.

Katika kimo cha mita 2,000 kanieneo ya hewa ni kiasi cha asilimia 80 tu ya ile ya Dar es Salaam. Kila injini inapovuta pumzi, hupata oksijeni pungufu, na mafuta hayaungui yote. Jambo hili ni la kawaida kwa kila dereva wa Nyanda za Juu Kusini. Lisilojulikana sana ni kwamba jambo hilo hilo ni mojawapo ya sababu zilizoifanya ndege moja ya ajabu, ndege ya kivita ya jeti iwezayo kupaa wima kutoka kwenye sitaha ya meli, ikose wanunuzi katika nchi nyingi za dunia.

Ndoto ya kuachana na kiwanja

Katika miaka ya 1950 majeshi ya Ulaya yalikuwa na hofu moja kubwa. Ndege za jeti zilihitaji viwanja vya saruji vyenye urefu wa kilomita mbili na zaidi, na kiwanja ni kitu kisichoweza kufichwa wala kuhamishwa. Adui akikipiga mabomu alfajiri, ndege zote zilizosalimika hubaki chini kama kuku waliofungwa miguu. Ndipo wahandisi wa nchi kadhaa walipoanza kutafuta ndege yenye mwendo wa jeti na uwezo wa helikopta wa kuinuka mahali iliposimama.

Mhandisi Mfaransa Michel Wibault alitoa wazo la injini ambayo msukumo wake ungeweza kugeuzwa uelekeo. Wazo hilo lilichukuliwa na kiwanda cha injini cha Bristol nchini Uingereza, chini ya Stanley Hooker, na matokeo yake yakawa injini iliyoitwa Pegasus. Injini hii ina midomo minne ya kutolea hewa, miwili kila ubavu. Midomo ya mbele hutoa hewa iliyosukumwa na mapanga ya mbele ya injini. Ile ya nyuma hutoa gesi ya moto. Rubani akivuta wenzo mmoja, midomo yote minne hugeuka pamoja: ikielekea chini, ndege huinuka; ikielekea nyuma, ndege hukimbia mbele.

Kiwanda cha Hawker kilitengeneza ndege ya kuibeba injini hiyo, nayo iliinuka kutoka ardhini kwa mara ya kwanza tarehe 21 Oktoba, 1960, huko Dunsfold, ikiwa imefungwa kamba kwa usalama. Kutokana nayo ilizaliwa Harrier, ambayo iliingia katika Jeshi la Anga la Uingereza mwaka 1969. Ndege ya jamii hiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya manowari, Sea Harrier, iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1978. Urusi ya Kisovieti nayo ilitengeneza Yak-38 kwa ajili ya meli zake za kivita. Ingawa miundo mingi ilijaribiwa katika Ujerumani, Ufaransa, Marekani na kwingineko, katika karne nzima ya 20 ni ndege hizi mbili tu za jeti za kupaa wima zilizoingia kazini kikamilifu.

Magazeti ya wakati ule yalitabiri kwamba kila nchi ingezitaka. Hasa nchi changa, zisizo na fedha za kujenga viwanja virefu, zilidhaniwa kuwa soko lililo tayari. Utabiri huo haukutimia, na sababu zake zinafaa kuchunguzwa, maana haziwahusu wanajeshi peke yao.

Kazi ambayo bawa huifanya

Ndege ya kawaida haiinuliwi na injini. Injini huisukuma mbele, na mbawa, kwa kuipitia hewa kwa kasi, ndizo zinazoibeba. Kwa njia hii injini yenye nguvu ndogo huweza kuinua mzigo mkubwa. Ndege ya abiria ya Boeing 737-200, iliyokuwa ikitumiwa na Shirika la Ndege la Tanzania kwa miaka mingi, ni mfano mzuri: msukumo wa injini zake zote mbili haufikii hata theluthi moja ya uzito wake inapoondoka ikiwa imejaa. Sehemu iliyobaki ni kazi ya mbawa.

Ndege ya kupaa wima hujinyima msaada huo wakati ule inapouhitaji zaidi. Ikiwa imesimama, mbawa zake hazina kazi. Uzito wote, wa chuma, mafuta, rubani na silaha, ni lazima ubebwe na msukumo wa injini peke yake. Na msukumo ukipungua kwa kilo moja chini ya uzito, ndege haiinuki kabisa.

Helikopta nayo huinuka wima, lakini kwa gharama ndogo zaidi. Tofauti yake na jeti huonekana mtu akizikumbuka kanuni mbili za fizikia. Msukumo hutokana na masi ya hewa inayosukumwa kila sekunde ikizidishwa kwa kasi yake. Lakini nishati inayotumika ni nusu ya masi hiyo ikizidishwa kwa kasi mara mbili, yaani kasi kwa kasi. Kwa hiyo anayesukuma hewa nyingi polepole hupata msukumo ule ule kwa nishati kidogo kuliko anayesukuma hewa chache kwa kasi kubwa. Mtu anayetaka kupoza chai hupuliza kwa mdomo. Lakini anayetaka kupoza chumba hutumia upepeo mpana.

Hesabu yenyewe ni hii. Injini ya Pegasus ya Harrier za miaka ya 1970 ilisukuma kiasi cha kilo 196 za hewa kila sekunde na kutoa kani ya nyutoni 95,600 hivi. Ukigawanya, kasi ya wastani ya hewa hiyo ni mita 488 kwa sekunde. Nishati yake kwa kila sekunde ni zaidi ya wati milioni 23, au nguvu za farasi 31,000 hivi, kuinua uzito wa kilo 9,750. Helikopta ya aina ya Bell 205, yenye injini ya nguvu za farasi 1,400, huinua kiasi cha kilo 4,300. Kwa kila tani moja, helikopta hutumia nguvu za farasi zipatazo 330; jeti hutumia zipatazo 3,200. Kwa kazi ya kuinuka tu, jeti ni ghali mara kumi.

Kama ingeletwa Chunya

Sasa na ichukuliwe kwamba Harrier moja ya wakati huo imeletwa Chunya, mji ulio katika kimo cha kama mita 1,500, katika alasiri ya mwezi wa Oktoba, joto likiwa nyuzi 30 za Selsiasi. Swali ni dogo: itaweza kuinuka na nini?

Katika usawa wa bahari, kwa joto la nyuzi 15, mita moja ya ujazo ya hewa ina masi ya gramu 1,225. Katika Chunya, kwa joto lililotajwa, mita hiyo hiyo ina gramu 970 hivi. Hii ni asilimia 79. Injini ya jeti huvuta hewa kwa ujazo. Hewa ikiwa nyepesi, masi inayosukumwa hupungua, na msukumo hupungua takriban kwa kiasi hicho. Kwa kweli siku ya joto kali huweza kuupunguza zaidi, kwani vyuma vya ndani ya injini hufikia upeo wa joto vinaloweza kulistahimili kabla ya nguvu zote kupatikana. Lakini kwa makadirio ya darasani asilimia 79 inatosha.

Basi msukumo uliokuwa wa kutosha kuinua kilo 9,750 huko pwani ya Uingereza, hapa Chunya utainua kilo 7,700. Ndege yenyewe, ikiwa tupu, ina kilo 6,100. Zinabaki kilo 1,600 kwa ajili ya kila kitu kingine. Matangi yake ya ndani yakijazwa huchukua kilo 2,300 hivi za mafuta. Kwa maneno mengine, ndege hii isingeweza kuinuka wima kutoka Chunya ikiwa na matangi yaliyojaa, hata kama isingekuwa na rubani, wala risasi moja, wala bomu moja. Na hapo haijaachwa akiba yoyote ya usalama.

Mtu ataweza kusema kwamba ndege za kawaida nazo hudhoofika katika hewa nyepesi. Hiyo ni kweli. Marubani wa nyanda za juu wamelijua jambo hilo tangu mwaka 1932, ndege za Imperial Airways zilipoanza kutua Mbeya katika safari za London hadi Cape Town. Na hata leo marubani hupenda kuondoka asubuhi, hewa ingali ya baridi na nzito. Lakini ndege yenye mbawa ikipungukiwa na hewa, huomba ardhi zaidi. Hukimbia mita mia kadhaa zaidi, ikapata kasi kubwa zaidi, na mwisho ikapaa na mzigo wake. Uwanja wa Ndege wa Songwe, ulioanza kutumika mwaka 2012 mahali pa uwanja mdogo wa zamani wa mjini Mbeya, una njia ya kurukia yenye urefu wa zaidi ya mita 3,000. Sehemu ya urefu huo ni fidia ya kimo na joto. Ndege ya kupaa wima haina pa kuomba fidia. Ikipungukiwa na msukumo, njia iliyobaki ni kupunguza mzigo.

Naam, Harrier nayo yaweza kukimbia kabla ya kupaa, na ikifanya hivyo hubeba zaidi: hadi kilo 11,400 hivi. Lakini ndege inayokimbia inahitaji njia ya kukimbilia, na mnunuzi aliyelipa bei kubwa ili aepukane na kiwanja hujikuta anajenga kiwanja.

Vumbi, moto na maji

Hesabu ya msukumo ni sehemu tu ya bei. Wachimbaji wa dhahabu wa Lupa, katika miaka ya 1930, walipepeta mchanga kwa upepo kwa sababu maji yalikuwa haba. Vumbi likaruka, dhahabu ikabaki. Jeti inayopuliza ardhi kwa kasi ya mamia ya mita kwa sekunde hupepeta kwa ukali usio na kifani. Changarawe na vumbi hurushwa juu, na sehemu yake huingia katika injini ile ile inayovuta hewa kwa pupa. Kijiwe kidogo kikigonga mapanga ya injini huweza kuyaharibu. Kwa sababu hiyo ndege iliyosifiwa kwamba yaweza kutua popote, kwa kawaida ilitua juu ya mabamba ya chuma, saruji au lami iliyofagiliwa.

Tena, gesi ya moto ikigonga ardhi hurudi juu. Injini ikiivuta, inavuta hewa iliyokwisha kupashwa moto, yaani hewa nyepesi zaidi, na msukumo hupungua ghafula wakati ndege iko mita chache tu kutoka ardhini. Marubani walifundishwa kutokaa katika hali hiyo kwa muda mrefu.

Ili kuongeza nguvu kwa muda mfupi, Harrier ilibeba tangi la maji safi yaliyochujwa kwa kuvukizwa, kiasi cha lita 227. Maji haya hunyunyizwa ndani ya injini, huipoza, na kuiruhusu ifanye kazi kwa nguvu zaidi. Hutosha kwa dakika moja na nusu tu hivi. Hapana haja ya kueleza lita hizo zingekuwa na maana gani katika wilaya ambayo kina mama wengi wamepata kutembea mwendo mrefu kutafuta ndoo moja.

Kwa nini baharini?

Kama nchi kavu, ya juu na yenye joto ndiyo mahali pabaya kwa ndege hii, mahali pake pazuri ni pale palipo kinyume chake: usawa wa bahari, hewa ya baridi, sitaha safi isiyo na vumbi. Ndiyo maana ndege za kupaa wima zilipata makao hasa katika manowari.

Manowari kubwa za kubeba ndege hurusha jeti kwa mtambo unaofanya kazi kama manati, na kuzinasa kwa waya zinapotua. Mitambo hiyo ni mizito na ghali, nayo huhitaji meli kubwa. Ndege inayotua wima haihitaji manati wala waya. Meli ndogo zaidi yatosha. Ofisa wa wanamaji wa Uingereza, Douglas Taylor, aliongeza jambo jingine: aliinua ncha ya mbele ya sitaha ikawa kama kilima kidogo. Ndege hukimbia kwa mwendo mfupi, kilima huirusha juu, na katika sekunde zile chache za kuelea mbawa hupata kasi ya kutosha. Hivyo Sea Harrier ilipaa kwa kukimbia, ikiwa na mzigo wake, na kutua wima baada ya mafuta kuungua na uzito kupungua.

Katika vita vya visiwa vya Falkland mwaka 1982, Waingereza walipeleka Sea Harrier 28. Ndege hizo ziliangusha ndege 20 hivi za Argentina na hakuna hata moja iliyoangushwa na ndege ya adui, ingawa sita zilipotea kwa ajali na kwa silaha zilizopigwa kutoka ardhini. Sifa zake zilienea dunia nzima. Lakini msomaji makini na akumbuke mahali vita hivyo vilipopiganwa: juu ya bahari ya kusini yenye baridi kali, mwanzoni mwa majira yake ya kipupwe. Hewa ile ilikuwa nzito kiasi ambacho mhandisi wa injini angependa.

Walionunua na walioacha

Pamoja na sifa hizo, orodha ya wanunuzi ni fupi. Kikosi cha Marine cha Marekani kilinunua ndege 110 za aina ya kwanza na kuanza kuzitumia mwaka 1971. Baadaye Marekani ikashiriki kutengeneza aina iliyoboreshwa, AV-8B. Hispania ilinunua 13 za aina ya kwanza, kisha ikaongeza AV-8B. India, iliyoonyeshwa Harrier katika manowari yake Vikrant mwaka 1972, ilitoa oda mwaka 1979, na kwa jumla ikapata ndege kama 30. Italia ilinunua AV-8B 18. Uthai ilinunua tisa kuukuu kutoka Hispania katika miaka ya 1990 kwa ajili ya manowari yake mpya, ikashindwa kupata vipuri vya kutosha, na ikaziacha mwaka 2006. Hao ndio wote. Kwa kulinganisha, jeti ndogo ya wanamaji ya Marekani, A-4 Skyhawk, isiyo na maajabu yoyote ya kupaa wima, ilitengenezwa kwa idadi ya 2,960 na kutumiwa na nchi zipatazo kumi.

Sababu ya kwanza ya ufupi wa orodha hii ni kwamba ndege ya manowari haina maana bila manowari, na manowari ni ghali kuliko ndege. Australia ilikubali mwaka 1982 kuinunua meli ya Kiingereza Invincible. Baada ya vita vya Falkland mpango huo ukafutwa, na serikali iliyofuata ikaamua kutokuwa na meli ya aina hiyo kabisa.

Sababu ya pili ni kwamba aliyekwisha kuwa na meli yenye manati alikuwa na chaguo rahisi zaidi. Argentina ilionyeshwa Harrier mwaka 1969, ilipokuwa ikipokea manowari yake 25 de Mayo. Ilichagua Skyhawk, ambazo zilikuwa kuukuu, za bei nafuu, na ambazo zingerushwa kwa manati.

Sababu ya tatu ni siasa. China ilizungumza na Uingereza kwa miaka kadhaa juu ya kununua Harrier, lakini mwaka 1979 mazungumzo yakavunjika. Hata Hispania, wakati wa utawala wa Franco, ilizipata ndege zilizotengenezwa Uingereza kwa kupitia Marekani, ili kukwepa upinzani wa kisiasa.

Sababu ya nne ni maisha ya marubani. Ndege inayoelea juu ya msukumo wake haina mbawa za kuiokoa injini ikizimika au ikiyumba. Mwaka 2002 gazeti la Los Angeles Times lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba vifo vya marubani 45 wa Marine vilihusiana na Harrier. India nayo, hadi ilipozistaafisha mwaka 2016, ilikuwa imepoteza takriban nusu ya ndege zake kwa ajali. Nchi yenye marubani wachache, waliosomeshwa kwa fedha nyingi, haina budi kulipima jambo hili.

Yak-38 haikuuzwa nje hata moja, ingawa zilitengenezwa zaidi ya 200. Ilikuwa na injini tatu: moja ya kusukuma mbele na kusaidia kuinua, na mbili ndogo za kuinua tu. Hizo mbili, baada ya ndege kupaa, zilikuwa mzigo usio na kazi. Mwaka 1980 Warusi walizipeleka ndege chache kujaribiwa Afghanistan, nchi ya milima mirefu na joto la kiangazi. Mzigo ziliouweza kuubeba ulikuwa mdogo mno hata mpango huo ukaachwa. Kile kilichohesabiwa hapo juu kwa ajili ya Chunya, huko kilithibitishwa kwa vitendo.

Tanzania ilichagua nini?

Nchi zisizo na viwanja virefu hazikukosa njia. Tanzania ilipounda kikosi chake cha anga katika miaka ya 1960, kwa msaada wa wakufunzi kutoka Kanada, haikutafuta ndege ya kupaa wima. Ilipata ndege za Otter na Caribou, zilizotengenezwa na kiwanda cha de Havilland cha Kanada. Baadaye ikapata Buffalo, ambayo ni ndugu mkubwa wa Caribou. Hizi ni ndege za rafadha, zenye mbawa ndefu na nene, zinazopaa kwa mwendo mfupi. Caribou, yenye uwezo wa kubeba zaidi ya tani tatu, huhitaji kukimbia mita 220 hivi tu katika usawa wa bahari. Katika nyanda za juu hudai zaidi, lakini kiwanja cha majani kilichosawazishwa kwa majembe na kuondolewa vichuguu huitosha.

Kazi ambazo kweli zilihitaji kuinuka wima, kama kumwokoa mtu mahali pasipofikika, zilibaki kuwa za helikopta, kwa sababu ileile ya upepeo mpana. Na jeti za kivita zilizotoka China ziliwekwa Ngerengere, kwenye njia ndefu ya saruji. Kila kazi ilipewa chombo chake.

Hesabu haikubadilika

Katika karne hii jeti mpya ya kupaa kwa mwendo mfupi na kutua wima, F-35B, ilianza kazi katika kikosi cha Marine mwaka 2015. Ina kompyuta zinazomsaidia rubani kiasi ambacho watangulizi wake hawakukiota, na feni kubwa nyuma ya kiti chake inayosukuma hewa nyingi kwa kasi ndogo zaidi. Hata hivyo feni hiyo inachukua nafasi. F-35A, ndugu yake wa viwanja vya kawaida, hubeba kilo 8,300 hivi za mafuta ndani. F-35B hubeba kilo 6,100. Nje ya Marekani, walioichagua ni Uingereza, Italia, Japani na Singapuri, ilhali F-35A imepata wanunuzi wengi zaidi. Miaka zaidi ya 50 ya maendeleo imepunguza bei ya kuinuka wima; haikuifuta.

Wahenga walisema kizuri hakikosi ila. Harrier haikuwa ndege mbaya. Ilikuwa jibu zuri sana la swali moja: namna ya kupata jeti juu ya meli ndogo, katika bahari yenye hewa nzito. Kosa lilikuwa la wale waliodhani kwamba jibu hilo lingefaa kwa kila swali. Trekta lililotengenezwa kwa udongo mwepesi, pampu iliyopimwa kwa maji masafi, na jenereta iliyoandikiwa nguvu zake kwa usawa wa bahari, vyote hufika Chunya vikiwa na vyeti vizuri. Mwanafunzi wa leo ndiye atakayekuwa ofisa wa kuvipokea kesho. Kabla ya kutia sahihi, na aulize: nguvu hizi zilipimwa wapi, katika hewa gani, na mzigo utakaobaki ni kiasi gani?

Zoezi la darasani

1. Katika Mbeya, kwenye kimo cha mita 1,700, kanieneo ya hewa ni kiasi cha paskali 82,500. Densiti ya hewa hupatikana kwa kugawanya kanieneo kwa 287, kisha kwa joto la Kelvini. Tafuta densiti alfajiri, joto likiwa nyuzi 10 za Selsiasi, na alasiri, likiwa nyuzi 27. Ni asilimia ngapi zimepotea kati ya alfajiri na alasiri?

2. Tumia majibu hayo kukadiria msukumo wa injini ya Harrier katika nyakati hizo mbili, ukianza na kilo 9,750 kwa densiti ya gramu 1,225. Je, ni wakati gani ndege itaweza kubeba mafuta zaidi, na kwa kilo ngapi?

3. Andika sababu mbili kwa nini ndege ya rafadha yenye mbawa ndefu ingefaa kupeleka dawa katika kijiji cha mbali cha wilaya ya Chunya kuliko jeti ya kupaa wima.